Maswali na Majibu: Mtoto Anayecheua na Mtoto Asiyelala

Mwanangu wa kwanza ana miezi miwili na hucheua kila anyonyapo, hata kanga ya begani haikauki. Mavyaa wangu anasema maziwa yangu ni mepesi, ndiyo maana hayamkai tumboni. Je, nimwachishe? (Mama, Wete)

Usimwachishe. Mwishoni mwa umio pana msuli unaofunga mlango wa tumbo, na kwa mtoto mchanga msuli huo bado haujakaza, kwa hivyo tumbo likijaa, au likibanwa na nepi iliyofungwa kwa nguvu, maziwa hurudi juu bila ya mtoto kuumia. Wepesi wa maziwa hauhusiki, ingawa sishangai mavyaa wako kufikiri hivyo, kwani maziwa ya mwanzo wa kunyonya huonekana ya majimaji kweli. Hali hii huzidi hadi kiasi cha mwezi wa 4, na watoto walio wengi huiacha kabla ya kutimiza mwaka.

Kama unahofu kwamba anatoa chote alichonyonya, mimina kijiko kimoja cha maziwa juu ya kanga kavu, uone doa linavyotanda. Kipimo cha kutegemea ni kadi ya kliniki: ikiwa mstari wa uzito unapanda, na mtoto analowanisha nepi sita au zaidi kwa siku, basi ni mzima na kilichobaki ni kazi ya kufua. Kazi hiyo utaipunguza ukimnyonyesha kabla hajaanza kulia kwa njaa, kwani mtoto anayelia humeza hewa nyingi, ukimtoa hewa kila anapobadilisha ziwa, na akishikwa wima kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, jambo ambalo mavyaa huyo huyo huenda akalifanya vizuri kuliko mtu yeyote humo nyumbani.

Wangu ana wiki tano. Tangu juzi maziwa hayatiririki tena, bali yanaruka mbali, na akishatapika hutaka kunyonya upya. (Mama, Kengeja)

Huko si kucheua. Katika umri huo njia ya chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo huweza kuzibwa na msuli uliozidi unene, na mtoto akakonda na kupungukiwa na maji huku hamu ya kunyonya iko pale pale. Mpeleke leo Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, bila ya kungoja siku ya kliniki, kwa sababu tatizo hili hutibiwa kwa upasuaji. Matapishi ya kijani au yenye damu, homa, na utosi uliobonyea navyo havingoji.

Mke wangu amerudi kwenye shamba la mwani. Mtoto wetu wa miezi mitano sasa anaamka mara nne usiku, na bibi yake anashauri apewe uji wa jioni ili alale. (Baba, Jambiani)

Uji usubiri hadi atimize miezi 6. Kabla ya hapo hujaza nafasi ya maziwa na kumfungulia mtoto mlango wa kuharisha, wala hakuna hakika kwamba utamlaza. Asali ndiyo mbaya zaidi: asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka, kwani huweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli.

Tazameni kama kuamka huku kunazidi siku za bamvua, mama anapokaa pwani saa nyingi, kwani mtoto aliyekosa ziwa mchana hulifidia usiku. Mama akamue maziwa kabla ya kutoka, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe mapema, kwa sababu joto letu haliyaachi salama kwa muda mrefu. Akirudi, amnyonyeshe kwanza, kazi za jikoni zifuate. Asiyakate maziwa ya usiku kwa ghafla, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Na wewe, baba, kumbadilisha nepi, kumleta kwa mama yake na kumtoa hewa baadaye hakuhitaji ziwa.

Anayecheua alazwe juu ya mto, asije akapaliwa? (Bibi, Chake Chake)

Hapana, bibi. Alale chali juu ya godoro gumu lililo sawa, bila ya mto, na hasa ile mito yetu laini ya sufi, ambayo huweza kumziba pumzi. Akilala chali, njia ya pumzi huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hayapati wepesi wa kupanda kuifikia.