“Ascertain” na “Ensure”: Pale “Hakikisha” Linapotuchanganya

Nimehariri ripoti nyingi za Kiingereza zilizoandikwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na kuna kitenzi kimoja kinachonisimamisha kila kinapojitokeza: “ascertain”. Mara nyingi nakikuta kimekaa mahali pa “ensure”. Chanzo chake nakijua. Sisi tuna “hakikisha”, na neno hilo linafanya kazi zote mbili. Ukiniambia “hakikisha mlango umefungwa”, naweza kwenda kutazama kama umefungwa, au naweza kwenda kuufunga mwenyewe. Tunaelewana kwa muktadha, maisha yanaendelea. Kiingereza rasmi kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi viwili.

“Ascertain” ni kutafuta ukweli mpaka uujue kwa hakika. “Ensure” ni kulifanya jambo liwe. Cha kwanza kinabadilisha unachokijua, cha pili kinabadilisha hali yenyewe.

Chukua agizo hili la mlinzi: “The guard must ascertain that the gate is locked.” Mlinzi anakwenda, anakuta lango liko wazi, anaandika daftarini kwamba liko wazi, anarudi kuketi. Wezi wakiingia, ana haki ya kusema kwamba aliagizwa kujua hali ya lango na akaijua. Mwandishi alitaka lifungwe, kwa hiyo alipaswa kuandika “must ensure”. Katika mkataba au mwongozo wa usalama, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani awajibike, ndiyo maana sikubali iitwe suala la mapambo ya lugha.

Ajabu ni kwamba zamani kitenzi hiki kilikuwa karibu zaidi na “hakikisha” letu. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alichapisha pendekezo la kuirekebisha, kuiboresha na “ascertaining” lugha ya Kiingereza. Alikuwa na maana ya kuiimarisha lugha ikae mahali pamoja, isiendelee kubadilikabadilika. Maana hiyo ya kulifanya jambo liwe thabiti imekwisha kufa, na iliyobaki ni ya kutafuta na kujua.

Kipimo ninachowapa wenzangu ni kuweka “find out” mahali pake. “We ascertained the cause of the fire” inageuka “We found out the cause of the fire”, na maana inabaki palepale. Sasa jaribu “Supervisors must ascertain that all workers wear helmets.” Msimamizi agundue tu kwamba watu wamevaa kofia ngumu? Hapana, anatakiwa awavalishe. Hapo panataka “ensure”.

Kuhusu sarufi, kinachofuata kitenzi hiki ni taarifa isiyojulikana bado: chanzo, kiasi, ukweli wa mambo, au kishazi kinachoanza na “whether”, “who”, “how” na vinginevyo. Aliyekupa taarifa hutanguliwa na “from”: “ascertain from the driver what happened”. Mtu mwenyewe hawi shamirisho. Huwezi “ascertain the driver”, ila unaweza “ascertain the driver’s identity”.

Wanasheria wanakitumia kwa namna inayofaa kufahamika. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uingereza ya Mauzo ya Bidhaa ya 1979 kinazungumzia “unascertained goods”, yaani bidhaa ambazo bado hazijabainishwa. Umeagiza mifuko 50 ya saruji, lakini hakuna aliyekwisha kusema ni ipi hasa. Kwa kifungu hicho, umiliki hauhamii kwako mpaka mifuko yenyewe ibainishwe. Ukikutana na neno hilo kwenye mkataba, usilitafsiri “bidhaa zisizohakikishwa”, maana msomaji atadhani ubora wake una shaka.

Matamshi nayo yanawaponza wengi kwa sababu ya “certain” iliyojificha ndani. Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, na mwisho wake unasikika kama wa “contain”.

Na si kila mahali panakitaka. Kinakaa vizuri kwenye ripoti ya uchunguzi, hati ya kisheria au barua ya kiofisi. Ukimwandikia mwenzako unayefanya naye kazi kila siku, ukitaka kujua kama kikao bado kipo, andika “check” au “find out”. “Ascertain” hapo itamfanya ajione anahojiwa na mpelelezi.