Buabua wakiwa kwenye mayai: maswali ya manahodha na majibu

Kusi limeshika, na buabua, wale ndege wa bahari wanaovua samaki, wamepanda visiwani kutaga. Wako Whale Island, kile kisiwa cha mwamba mlangoni mwa hori ya Mida, Watamu. Wako Tenewi na vile visiwa vidogo vya Kiunga, upande wetu wa Lamu. Watakuwepo hadi Oktoba, na katikati hapo ndipo Agosti inapotuletea wageni wanaotaka boti. Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo hilo.

Shikamoo Ami. Naendesha boti ya vioo. Nikipita karibu na kisiwa ndege huruka wote kwa kelele, kisha hurudi. Sijaona aliyekufa. Hasara iko wapi?
*Nahodha, Watamu*

Marahaba mwanangu. Ni kweli wanarudi. Lakini wewe unawatazama walioko juu, na hasara iko chini.

Buabua hajengi kiota cha vijiti. Hutaga juu ya mwamba, kwenye mchanga, au ndani ya ufa wa jiwe, yai moja, pengine mawili, yenye madoa kama jiwe lenyewe. Saa sita mchana mwamba ule huwezi kuukanyaga pekupeku. Kwa hiyo mchana ndege halalii yai ili kulipa joto, analikinga na jua. Dume na jike hupokezana zamu, na siku za joto kali wako buabua wanaokwenda kulowesha manyoya ya tumbo baharini wakarudi kulipoza yai. Ukimwinua, yai linabaki linachomeka. Na yule kunguru wa India tunayemjua sote haogopi boti kama anavyoogopa buabua. Buabua wakiruka, yeye hushuka kwenye mayai.

Utaniambia umepita dakika tano tu. Nakubali. Nyuma yako anakuja mwenzako naye na dakika tano zake, halafu wa tatu, mpaka alasiri. Yai linahitaji kama wiki tatu kuanguliwa, na kinda kama wiki nne zaidi kabla ya kuruka, na baadhi ya buabua huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Wakisumbuliwa mno mwanzoni, kundi zima linaweza kukihama kisiwa na mwaka huo usione kinda hata mmoja.

Mimi mwenyewe nimeshiriki. Nilipokuwa baharia kijana tulishusha wageni kwenye kisiwa kimoja upande wa Kiunga. Ndege wakajaa juu yetu, wageni wote wameinua nyuso. Nikatazama chini, nikamwona kinda amelala bapa kwenye kivuli cha kandambili ya bwana mmoja, rangi ya mchanga kabisa, hatikisiki. Nilimshika yule bwana mkono asirudi nyuma hata hatua. Tulipokuwa tunarudi botini nilikuta mayai mawili yamepondwa, kwenye njia ile ile tuliyopandia. Ute ulikuwa umeshaanza kukauka juani.

Basi tukae umbali gani?
*Mwenye boti mbili, Malindi*

Kule Florida, Marekani, watafiti waliopima jinsi ndege wanavyoruka wakifikiwa walipendekeza mwaka 1995 mita 180 kwa makundi ya buabua yanayotaga. Ni karibu viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Uchukue huo uwe mwanzo, na askari wa KWS, wale wa wanyamapori, akikwambia sogea zaidi, sogea.

Halafu watazame ndege wenyewe. Wakianza kunyoosha shingo, mmoja wawili wakainuka wakilia, tayari umekaribia mno, usingoje waruke wote. Na usielekeze omo, yaani mbele ya boti, kisiwani. Boti inayokuja moja kwa moja huwatisha kuliko inayopita ubavuni kwa mwendo mmoja. Punguza moto mapema, si pale ulipokwisha kufika.

Ami, sisi tunakodisha kayaki. Hatuna injini, hatuna moshi, hatuna wimbi. Sisi tuna kosa gani?
*Kijana wa ufukweni, Watamu*

Hamna moshi, nawasifu kwa hilo. Ila kayaki hufika pale boti isipofika. Hupenya kwenye miamba, hukaa pale pale nusu saa ikipiga picha, na hutokea kimya kimya mpaka ndege anashtuka mtu yuko mbele yake. Umbali ni ule ule.

Na mkiwa ndani ya Mida kuna jambo jingine. Maji yakijaa, ndege waliokuwa wakila kwenye tope hukusanyika juu ya mafungu machache ya mchanga yaliyobaki. Yumo yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hatagi kwetu, huchimba mashimo mchangani kwenye pwani za Somalia na Uarabuni. Hapa amekuja kula na kupumzika. Msimfukuze kwenye fungu lake wakati wa maji makuu, hana pengine pa kusimama.

Wazee wetu wa Bajuni walikuwa wakipanda visiwani kuokota mayai miaka na miaka, na ndege wakabaki. Kwa nini leo mnailaumu boti?
*Msomaji, Faza*

Swali lako ni zito, na sitalijibu kwa haraka ya kuwakana wazee. Mayai yaliokotwa, ni kweli. Wao walikwenda kwa tanga, na kisiwa hakifikiki kila siku Kusi likichafuka. Bahari yenyewe ilikuwa inawapa ndege likizo. Injini imeondoa likizo hiyo: leo mtu anatoka asubuhi na adhuhuri yuko nyumbani, na kesho anarudi. Kiunga imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1979, na kuokota mayai sasa hakuna nafasi. Lakini sitaki mvuvi wa Faza aambiwe asipande kisiwani huku boti ya wageni ikitia nanga hapo hapo na kuandaa chakula cha mchana. Zuio likiwepo, liwe la wote.

Mwanangu amepata kazi ya boti za watalii Ziwa Naivasha. Huko hakuna visiwa vya buabua. Na yeye ana la kuangalia?
*Mama, Malindi*

Analo, dada yangu, na huko wimbi ndilo adui. Ndege wengi wa ziwani hutaga juu ya maji yenyewe. Kibisi, yule mdogo anayezama na kuibukia mbali, hufunga rundo la majani yaoze yakielea, akataga hapo. Akiondoka kwa utulivu huyafunika mayai kwa majani. Akishtuliwa anayaacha wazi. Yuko pia yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya yungiyungi. Anayelalia ni dume, na kiota chake ni cha kuloa tu. Boti ikipita kasi kando ya mafunjo, wimbi linafika pale baada ya nahodha kusahau.

Kule New Hampshire, Marekani, kuna ndege wa maziwani aitwaye loon ambaye miguu yake iko nyuma mno hata kutembea kwa shida, hivyo hutaga ukingoni kabisa mwa maji. Wenyeji huzungushia viota kamba za maboya na mabango msimu wote. Mwambie kijana: karibu na mafunjo na majani yanayoelea, aende mwendo wa kasia.

Je, droni?
*Mpiga picha, Shela*

Hapana. Kwa ndege aliye kwenye yai, hicho ni kipanga.

Mgeni amelipa vizuri na anataka kushuka kisiwani. Nikikataa, anahamia boti ya jirani. Nifanyeje, Ami?
*Kapteni, Lamu*

Hili halitatuliwi na nahodha mmoja. Kaeni kwenye chama chenu kabla ya Agosti, mkubaliane kisiwa gani hakishukwi na miezi gani, ili mgeni akihamia kwa jirani akute jibu ni lile lile. Usipokuwepo mkataba huo, aliye mwaminifu ndiye anayelala njaa, na hilo si haki.

Na usimwambie mgeni "hairuhusiwi" ukanyamaza. Nunueni darubini moja ya pamoja. Mtoe mapema jua halijawa kali, tia nanga mbali na kisiwa, zima injini. Mwonyeshe buabua anayekatiza upepo na samaki mdomoni, hakummeza. Atakuuliza anampeleka wapi. Mnyooshee kidole kile kisiwa alichotaka kushuka.