Macho ya yule binti wa dukani

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na swali lako limeninyima usingizi. Umeuliza utamjuaje mtu anayekudanganya kwa kumtazama tu, kwa sababu fedha za duka lako hapo Tabora zimepungua, na yule binti uliyemtoa Kasulu, ukimhoji, anainamisha macho, anatoka jasho, sauti inatetemeka.

Binti yangu, nani alimfundisha kumkazia macho bosi wake? Kwao, kama kwetu, mtoto anayemtumbulia mkubwa macho anaambiwa hana adabu. Hilo jicho lililoinama huenda ni malezi tu.

Sijawahi kukusimulia hili. Nilipostaafu ualimu na kuanza kununua dagaa pale mwalo wa Kibirizi, nilimwajiri kijana wa kuhesabu magunia. Siku moja yakapungua mawili. Nilipomuuliza akatetemeka, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Nikamfukuza mbele za watu. Baada ya siku nne magunia yakaonekana, yamechanganywa kwenye mzigo wa mfanyabiashara mwingine. Nilimtafuta, nikaambiwa ameshavuka kwenda Kongo. Mpaka leo sijapata kumwomba radhi.

Na msimu uleule alinijia muuzaji mmoja mtulivu, macho makavu, ananitazama usoni. "Mwalimu, dagaa hawa wamevuliwa jana usiku." Nikalipa. Jioni natoka msikitini, naona mwezi umejaa. Mwezi mpevu! Mbalamwezi ikiwaka hivyo wavuvi wa taa hupumzika, kwa kuwa dagaa hawazifuati taa. Wa jana usiku wangetoka wapi? Ukweli ulikuwa angani, mimi nikawa natafuta usoni.

Hata wataalamu wa saikolojia wamelikuta hilo. Mwaka 2003 Bella DePaulo na wenzake walipitia dalili 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo, nyingi wakaziona hazina uzito au zina uzito kidogo mno. Mwaka 2006 yeye na Charles Bond wakajumlisha majaribio ya watu zaidi ya 24,000 walioamua nani anasema kweli na nani anadanganya: walipatia mara 54 hivi katika 100. Ungerusha shilingi hewani ungepata 50. Jasho na mtetemo vinaonyesha hofu, na asiye na kosa naye huogopa kutoaminiwa, hasa mbele ya anayemlipa mshahara.

Kwa hiyo sikiliza maneno. Mkaribishe chai, mwache asimulie siku nzima bila kumkatiza, kisha muulize asichotarajia: nani alikuja kabla ya yule aliyenunua sukari, chenji ilitoka wapi, mvua ilinyesha saa ngapi. Mwambie arudi nyuma, aanze na kufunga duka mpaka kufungua. Aliyetunga hadithi hupata kazi kubwa hapo, na mara nyingi maelezo yake huwa machache. Ila akisahau jambo moja usimrukie, sote tunasahau. Weka maneno yake pembeni ya daftari la mauzo, la madeni na ujumbe wa miamala ya simu.

Na jiulize pia ni nani wengine wanaoshika droo hiyo. Shemeji yako anaingia dukani kila jioni, hukunitajia kama naye umemuuliza.

Usimwachishe kazi kabla hujahesabu. Mama yako anakutumia mawese kwa treni. Ukimaliza daftari nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako