Anza na kisu, majina yatakuja

Wengi wanaoanza kusoma botania, yaani sayansi ya mimea, hujipa adhabu ileile niliyojipa mimi: kukariri majina ya Kilatini. Muhula mzima nilikariri. Niliweza kuandika Brassica oleracea bila kukosea herufi, lakini nikiwekewa mmea wenyewe mezani, natoa macho tu.

Chukua kabichi, ipasue katikati kuanzia juu hadi kwenye shina. Utaona shina fupi nene limesimama kati, majani yamelifunika tabaka kwa tabaka, na kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina, kuna vitumba vidogo vidogo. Maana yake kabichi yote ni tumba moja kubwa la kileleni lililogoma kufunguka. Sasa pasua koliflawa. Hapo mwenye kukwama ni ua: vikonyo vimejigawa na kujigawa bila kufika kuchanua. Brokoli ni matumba ya maua, sukuma wiki ni majani yaliyoachwa wazi. Zote hizo ni spishi moja, yaani aina moja ya mmea: ileile Brassica oleracea, aliyoiandika Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Mkulima mmoja alipenda majani, mwingine maua, kila mmoja akatunza mbegu za ile iliyompendeza. Karne zikapita, na leo huwezi kudhani kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja.

Kinyume chake pia kipo, mimea kufanana bila kuwa ndugu, nacho kilinitoa machozi kwelikweli. Mwaka wa kwanza niliandika kwa kujiamini kwamba mmea fulani wa kwenye chungu ni kaktasi: shina la kijani lenye mbavu, miiba, jani hakuna. Nikaukata kidogo, ukatiririsha utomvu mweupe kama maziwa. Kumbe yuforbia, jamaa ya mnyaa. Nami katika kushangaa nikapangusa jicho kwa mkono uleule! (Vaeni glavu, wadogo zangu. Utomvu ule hauna mzaha na macho.) Ningetazama miiba kwanza ningejua: ya kaktasi huchomoza kwenye vidoa vyenye vinyweleo, na yuforbia haina vidoa hivyo. Karibu kaktasi zote asili yake ni mabara ya Amerika, ilhali yuforbia nyingi za umbo lile ni za Afrika. Ukame ndio uliozifananisha, wala hazina undugu wa karibu.

Tarehe usizibebe nyingi. Mimea ilitoka majini kuja nchi kavu takriban miaka milioni 470 iliyopita, maua yalikuwepo zaidi ya milioni 130 iliyopita, na kilimo chetu kina kama miaka 10,000. Nyingine utazitafuta zikihitajika.

Jihadhari zaidi na neno “ili”. Mhadhiri wetu alilizungushia wino mwekundu kila alipolikuta. “Mmea uliota miiba ili ujilinde.” Nani aliuambia? Andika kwamba iliyokuwa na miiba ililiwa kidogo, ikaacha mbegu nyingi zaidi. Sentensi inarefuka, sawa, ila inasema kilichotokea.

Hata sisi binadamu, tulipoibadilisha mimea, mara nyingi hatukukusudia. Ngano ya mwituni ikikauka, suke hukatikakatika na punje humwagika chini. Mvunaji wa kale alirudi nyumbani na zile zilizong'ang'ania, akazipanda hizo, na msimu uliofuata hivyohivyo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nafaka iitwayo rai. Ilianza kama gugu ndani ya mashamba ya ngano. Palizi iliyang'oa yaliyoonekana tofauti, yaliyofanana na ngano yakasalimika, hadi gugu likawa zao lenye kupandwa kwa heshima zake. Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, ndiye aliyeieleza habari hii mapema karne ya 20.

Kwa hiyo ukipelekwa shambani kwa mafunzo, usikimbilie zao. Piga magoti kwenye mstari ambao umeshapaliliwa, uangalie gugu gani limebaki, na limefanana na nani.