Anaona Vizuri, Mbona Mistari Inampotea?

Swali: Mwanangu wa miaka 8 ana nyurofibromatosi aina ya 1 (ugonjwa wa jeni unaoweza kuotesha uvimbe kwenye neva). Tulipimwa macho Mbeya, tukaambiwa anaona vizuri, lakini akinakili ubaoni hupoteza mistari. Je, ni uvivu? – Mama, Tukuyu.

Jibu: Si uvivu, mama. Hitilafu ya jeni inayoleta ugonjwa huu, iliyo katika kromosomu ya 17 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni), huweza kuathiri namna ubongo unavyotambua mahali, umbali na mwelekeo wa vitu, hata jicho lenyewe likiwa zima. Mwombe mwalimu amketishe mbele, amruhusu kutumia daftari lenye miraba na amsomee kwa sauti yaliyo ubaoni. Kunakili, kwa maoni yangu, hakupimi akili. Kliniki ya macho ya kila mwaka msiiache, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kuotesha uvimbe kwenye neva ya jicho.