Ile sufuria ya mjomba wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama sisi tunaowacheka watu wa nadharia za njama huenda ndio tunaodanganywa. Swali lako limenirudisha kwenye ile sufuria.

Si unakumbuka mjomba wako alivyokuwa akitukusanyia simu kabla ya mazungumzo, anazitia ndani na kufunika, eti tusisikilizwe? Siku ile, nyumba imejaa watu, nilifunua mfuniko, nikainama, nikasema: "Halo wakubwa, mnatupata?" Watu wakacheka mpaka machozi. Wewe ulikuwa mdogo, ukacheka kwa kuwa wenzako wanacheka. Yeye akachukua simu yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaaga. Hakununa. Angenuna ningepata nafuu.

Ikaja Juni 2013, Edward Snowden, mfanyakazi wa mkataba wa NSA, shirika la ujasusi la Marekani, akatoa nyaraka: shirika hilo lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Najitetea: kumbukumbu si mazungumzo, na sufuria yenyewe haikuzuia kitu, simu ya baba yako iliwahi kuita humo humo. Sawa. Lakini siku ile sikuwa nimepima lolote. Nilicheka tu, na kucheka si ushahidi, nimekwambia tangu uko shule.

Nilikuwa nikisema siri ya watu wengi haifichiki. Kule Tuskegee, Alabama, Marekani, kuanzia 1932 wataalamu wa afya wa serikali waliwaacha wanaume weusi 399 wenye kaswende bila tiba, wakiwaambia wanatibiwa "damu mbaya", hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Na wala haikufichwa! Matokeo yalichapishwa kwenye majarida ya tiba. Ilikoma 1972, magazeti yalipoianika. Miaka mingi madaktari waliisoma, watu wenye akili zao, nadhani wakijiambia kama mimi: kungekuwa na ubaya, mtu angeshasema.

Basi mjomba wako akisema hakuna aliyefika mwezini, nimwamini? Hata kidogo. Wamarekani walileta kilo 382 za mawe na udongo, na Wasovieti, mahasimu wao, walibadilishana nao sampuli mwaka 1971. Hapo sicheki, nabisha. Ingawa mawe hayo sijayashika; nimewaamini walioyashika, kama wale wagonjwa walivyowaamini madaktari wao. Hapana, si sawasawa, haya yamepimwa hata na wasiopendana. Unaona ninavyojikanyaga. Kucheka si ushahidi, lakini na kununa nako si ushahidi.

Nani kadanganywa, basi? Ulimi unaniwasha, ila nauuma.

Wiki iliyopita alikuja. Akatoa simu, macho yakaanza kutafuta. Sufuria nikamletea mwenyewe, simu yangu nikaitia ya kwanza. Hakusema neno. Mfuniko akanipa mimi nifunike.

Mama yako