Nyuzi za aina moja kwa gitaa kavu na la umeme, inawezekana?

SWALI: Habari fundi. Nina magitaa mawili, moja kavu moja la umeme. La kavu lina nyuzi za unene wa 12 (yaani uzi wa kwanza ni inchi 0.012) na vidole vinaniuma mpaka nakatisha mazoezi. Nataka ninunue aina moja tu ya nyuzi nifunge kote, nichukue ipi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Aina moja kote sikushauri kabisa, coz hayo magitaa hayatoi sauti kwa njia moja.

La umeme lina pikapu, ambazo ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na pikapu inasikia chuma kinachotikisika juu yake basi. Ndo maana nyuzi zake nene zimeviringishiwa chuma kilichopakwa nikeli. Sasa nyuzi za gitaa kavu zile nene zimeviringishiwa bronzi, ambayo sehemu kubwa ni shaba, na shaba haivutwi na sumaku, kwahiyo pikapu inabaki inasikia kile kiini cha chuma cha ndani tu, afu uzi wa kwanza na wa pili ambao ni chuma kitupu unawapigia kelele wenzake wote. Utahangaika na amplifaya bure, tatizo liko kwenye nyuzi.

Ukigeuza, za umeme ukafunga kwenye kavu, hutaharibu kitu ila sauti inakuwa nyembamba, haijazi. Na uzi wa tatu kwenye seti za umeme mara nyingi haujaviringishiwa waya, wakati daraja la gitaa kavu, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili, kwa kawaida limechongwa kwa uzi wa tatu ulioviringishiwa, matokeo yake ukipanda juu shingoni ule uzi unatoka kwenye tyuni. Na kama kavu lako lina sehemu ya kuchomeka waya usichanganyikiwe, mengi ya hayo yanatumia kihisio kilichokaa chini ya daraja, kile kinasikia mtikisiko sio chuma, bronzi inafanya kazi vizuri tu.

Haya, vidole. Kabla hujanunua chochote bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) afu angalia pale juu ya freti ya kwanza, uzi unatakiwa uwe karibu kabisa kugusa, nafasi ya unywele tu. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Ukiona uwazi mkubwa basi mifereji ya kule kichwani inayopitisha nyuzi haijachongwa vya kutosha, na hapo hata ukifunga nyuzi nyembamba namna gani kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itaendelea kukutesa. Mpelekee fundi aichonge. Naona watu wengi wanakata tamaa na gitaa kwa sababu ya kitu kidogo hiki na inaniuma kweli.

Kama mifereji iko sawa, shuka kutoka 12 mpaka 11, yaani uzi wa kwanza wa inchi 0.011, au hata 10. Seti ya 12 inavuta gitaa kwa zaidi ya kilo 70 ukijumlisha nyuzi zote, ndo maana mkono unachoka. Chukua fosfa bronzi, sauti yake ina joto na inakaa muda kuliko ile ya shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20 ambayo ikiwa mpya inang'aa sana ila inafifia haraka. Ukishuka unene shingo inaweza kunyooka kupita kiasi nyuzi zikaanza kukwaruza freti, ni kulegeza kidogo tu ile nondo ya ndani ya shingo, robo mzunguko afu usikilize.

La umeme inategemea urefu wa uzi wenyewe. Gitaa la mtindo wa Stratocaster uzi wake una inchi 25.5 kutoka kichwani mpaka darajani, la mtindo wa Les Paul ni kama 24.75, kwahiyo uzi uleule kwenye Les Paul unakuwa laini zaidi. Kwa refu mi ningekufungia 9, kwa fupi 10. Ila kama daraja lako ni lile linaloelea kwa springi, ukibadilisha unene lazima na springi zirekebishwe, la sivyo daraja linainuka au linazama na hutyuni ukamaliza.